Sifuri Nukta Sifuri Sita

"Sifuri nukta sifuri sita," alisema Insaf, na Daktari Ramzi akajibu, "Bismillahi," bila kugeuza shingo.

Ndivyo walivyoanza na kila mgonjwa kwa miaka kumi na moja. Insaf anaisoma namba ya nguvu ya mashine ya ultrasound, iliyo kwenye kona ya skrini, daktari anamtaja Mungu, dawa inaingia mshipani. Daktari haangalii namba kwa sababu macho yake yana kazi ya kulifuata ini, na pia kwa sababu sauti ya Insaf haijamdanganya hata siku moja. Lakini asubuhi hiyo Insaf naye hakuiangalia. Macho yake yalikuwa chini, kwenye mwanya kati ya mlango na sakafu, ambapo ncha mbili za viatu vya kahawia zilikuwa zikipanda na kushuka. Viatu vya mumewe. Bayoumi alivipiga rangi jana mara mbili, utadhani watu wa kliniki huchunguza viatu kwanza, ini baadaye.

Bayoumi akichezesha miguu vile, ana hofu. Miaka thelathini na tatu ya ndoa ilitosha kumfundisha Insaf hilo.

Alisukuma bomba la sindano taratibu, kisha akasukuma maji ya chumvi nyuma yake, na kwa kidole gumba akabonyeza saa ya mkononi. "Imeingia."

"Nini hicho mnachonitia, dada?" aliuliza mgonjwa. Aliitwa Metwalli, mfuga bata kutoka vijiji vya upande wa Samannud, mtu wa mifupa mirefu aliyevaa kanzu yake ya sikukuu na sasa ilikuwa imekunjwa mpaka kifuani.

"Viputo, mzee. Hewa kidogo ndani ya maji, midogo kuliko damu yenyewe. Havidhuru."

"Hewa? Nimeamka alfajiri kuja Mahalla kujazwa hewa kama tairi?"

"Nyamaza, baba Shaima," alisema mkewe, Naasa, aliyekaa kwenye kiti cha plastiki na mkoba mapajani. "Waache watu wafanye kazi."

Chumba kilikuwa na joto. Umeme ulikatika saa mbili, ukarudi nusu saa baadaye, na feni ya darini ilikuwa bado inajikongoja kama mtu aliyeamshwa kwa nguvu. Kwenye skrini ini lilikuwa giza, halafu mwanga ukaanza kuingia, nukta kwa nukta, mshipa kwa mshipa. Daktari Ramzi alikishika kichwa cha mashine pale pale, chini ya mbavu, juu ya uvimbe, bila kukinyanyua. Uvimbe ukawaka. Akahesabu kimoyomoyo. Sekunde arobaini. Sitini. Kabla ya dakika mbili kutimia, uvimbe ulikuwa umezimika na kuwa mweusi, kama tundu la sigara kwenye shuka. Hata ini lililouzunguka lilififia kidogo, lakini ini la mtu aliyekunywa maji ya mifereji na kichocho chake tangu utotoni huwa limechoka, na daktari hakushangaa.

Insaf naye aliliona tundu lile. Kila mfanyakazi wa chumba kile alijua maana yake. Damu inaingia mbio, inatoka mbio: hiyo si tabia ya kitu chema.

Daktari alimwambia Metwalli kwa lugha ya upole aliyokuwa nayo, ambayo haikuwa nyingi. Alisema inaelekea ni saratani, si kubwa bado, hospitali kuu wataifanyia kazi, Jumapili aende na karatasi hii. Metwalli alisema "Alhamdulillahi" mara tatu, akaishusha kanzu juu ya jeli bila kujifuta. Naasa hakulia. Alifungua mkoba, akatoa simu, akaifunga tena.

"Harusi ya Shaima ni Alhamisi," alimwambia Insaf mlangoni, kwa sauti ya mtu anayeuliza njia. "Niwapigie leo, au kesho?"

Insaf alimshika bega, akamwonyesha ngazi, na moyo wake, niseme ukweli, haukuwa kwa Naasa hata kidogo. Ulikuwa kwenye benchi, kwa mwenye viatu vya kahawia. Alijua anayefuata.

"FUNDI BAYOUMI!" aliita, maana bila kupaza sauti asingesikika.

Sisi wa Mahalla tunazungumza kama tunagombana, na wageni hutuona watu wakorofi. Si ukorofi, ni mashine za kufumia nguo. Bayoumi alisimama katikati ya mashine arobaini kwa miaka ishirini na minane, na alipostaafu walimpa cheti chenye fremu, na masikio akayaacha kiwandani. Siri za nyumba yake zinajulikana mpaka ghorofa ya tano. Wiki tatu zilizopita, kwenye kipimo chake cha kila miezi sita, waliona kitu kwenye ini lake. Virusi vya ini vilishatibiwa kwa vidonge miaka minne nyuma, wakafanya karamu, wakasahau. Sasa kitu hicho. Ukubwa wa punje ya ful, maharage yetu, alisema daktari. Na Bayoumi akajibu kwa ile sauti yake ya kiwandani, "Daktari, nimekula ful kila asubuhi miaka sitini, lazima punje moja ingepotea njia!" Wagonjwa wote wa korido walicheka. Usiku ule Insaf alimkuta amekaa bafuni juu ya ndoo iliyofunikwa, mkono ubavuni.

Bayoumi aliingia akiwa ameshafungua vifungo vya shati, vyote, tangu kwenye benchi. Alipanda kitandani. Insaf akamtia mrija kwenye mshipa wa mkono wa kushoto.

"Yule mzee wa bata ametoka uso umempauka," alisema Bayoumi, akidhani ananong'ona. "Kanikaribisha harusini Alhamisi. Tutaenda?"

"Lala," alisema Insaf.

Kichupa kilikuwa kwenye trei, nusu yake imebaki. Kliniki ile ya hisani nyuma ya soko la nguo hupata vichupa viwili au vitatu kwa msimu, na kimoja hugawiwa wagonjwa wawili, asubuhi hiyo hiyo, kabla viputo havijachoka. Nusu ya kwanza ilikuwa ya Metwalli kwa sababu alikuja mapema. Nusu ya pili ilikuwa ya Bayoumi. Insaf alikitikisa upya mpaka maji yakawa meupe, akavuta dawa, akaangalia bomba kwenye mwanga. Kisha akageukia skrini, na kwa kuwa aliyelala pale alikuwa mumewe, safari hii hakusema kwa mazoea. Aliitafuta namba kwa macho.

Sifuri nukta mbili moja.

Alipepesa. Ilikuwa pale pale.

"Soma, Bi Insaf," alisema daktari.

Hakusoma. Alimkumbuka marehemu Profesa Lutfi, aliyeifungua mashine hii kutoka kwenye sanduku lake, siku Insaf alipokuwa bado mpiga deki wa chumba na kupenda kuuliza maswali akiwa na fagio mkononi. "Mashine hii inapiga kelele mbili ambazo sikio halizisikii," alimwambia. "Moja imesimama wima, ya pili imepinduliwa kichwa chini. Nyama ni mtiifu. Ukimwambia ndiyo, anasema ndiyo, ukimwambia siyo, anasema siyo. Jumlisha majibu yake, yanafutana, skrini inabaki nyeusi. Lakini kiputo! Kiputo ni mama mkwe wako, Insaf. Umwambie ndiyo, umwambie siyo, lazima aongeze la kwake. Hilo la kuongeza ndilo tunaloliona liking'aa."

"Na mama mkwe ukimpigia kelele kubwa, profesa?"

"Anapasuka. Na akipasuka, mahali pake panakuwa peusi, na daktari mjinga atasema mgonjwa ana saratani. Ndiyo maana tunanong'ona. Sifuri nukta sifuri sita, isizidi."

Alicheka sana siku ile, kwa kuwa mama mkwe mwenyewe alikuwa akiishi nao chumba cha mbele. Sasa hakuna kilichomchekesha. Umeme ulikatika saa mbili. Mashine ikizimika ghafla huamka na tabia zake yenyewe, imesahau kunong'ona, na kuishusha sauti ni kazi ya nani? Yake. Ndiyo kazi pekee ya chumba kile ambayo haina mtu mwingine. Alisema "sifuri sita" akiangalia viatu.

Kidole chake kilikuwa tayari juu ya kitufe cha kuzungusha. Kukizungusha kidogo tu kushoto, namba inashuka, anaisoma, daktari anasema bismillahi, Bayoumi anapata nusu yake. Nani angejua? Metwalli angeenda hospitali kuu, huko wangempima upya, labda. Au wasingempima, wangeamini karatasi na kumchoma ini kwa sindano ya moto. Aliogopa. Nimewahi kumsikia akisimulia, na neno alilolitumia ni hilo tu, aliogopa, kama alivyoogopa mara moja tu maishani, siku binti yake Nada alipopotea sokoni. Aliogopa kusema na aliogopa kunyamaza, na katikati ya hofu hizo mbili alikuwa bado ameshika bomba la dawa ya mumewe.

"Bi Insaf?"

"Namba ni sifuri nukta mbili moja, daktari."

"Ishushe."

"Na ya yule wa kwanza ilikuwa hivyo hivyo."

Daktari Ramzi akageuza shingo. "Ulisoma sifuri sita. Nimekusikia."

"Nilisema. Sikusoma."

Daktari akazirudisha picha za Metwalli kwenye skrini. Kila picha imeandikwa namba yake kona ya juu, kwa herufi ndogo kama za kwenye bati la dawa, na kila moja ilisema mbili moja, mbili moja, mbili moja. Akavua miwani. Kijasho chembamba kilikuwa kimemtoka juu ya mdomo.

"Na mimi nikakishikilia kichwa cha mashine pale pale dakika mbili nzima," alisema polepole. "Nimevipasua viputo vyote. Ini lilikuwa linafifia mbele ya macho yangu." Kisha hasira ikampanda, au hofu, ni ndugu wa tumbo moja. "Unajua nimemwambia nini mtu yule?"

"Nilikuwepo, daktari."

"Kichupa kingine lini?"

"Baada ya Idi. Siku kumi na tisa."

"MNASEMAJE?" aliuliza Bayoumi kutoka kitandani. "NIMESHAKUFA AU BADO?"

Hapo ndipo Insaf alipotamani sakafu ifunguke. Mtu mwingine angeinama akamnong'oneza mumewe kosa lake sikioni. Kwa Bayoumi hakuna kunong'ona. Na nje, kwenye benchi, kulikuwa na watu tisa, na mlango ule hauzuii hata paka.

"NIMEKOSEA!" alipiga kelele, na sauti yake ikapasuka katikati. "YULE WA BATA! SIKUANGALIA NAMBA! PICHA YAKE SI YA KWELI!"

Mtu mmoja akakohoa koridoni.

Bayoumi akajiinua kwa kiwiko. "HANA SARATANI?"

"HATUJUI! LAZIMA APIMWE TENA! NA DAWA ILIYOBAKI NI HII, NI YAKO!"

Alimwangalia mkewe, kisha bomba, kisha mkewe. Uso wake ulikuwa uso wa mtu anayehesabu nyuzi. "Tugawane," alisema. Ilikuwa mara ya kwanza kwa miaka mingi kusema kitu kwa sauti ya chini kweli.

Daktari akatikisa kichwa. Kwa mashine mpya labda. Kwa kikongwe hiki nusu ya nusu ingetoa ukungu, na wote wawili wangekosa.

"Ningekuwa mtu mwema ningesema mpe," alisema Bayoumi. "Naogopa, Insaf. Siku kumi na tisa nitalala vipi?"

"Na mimi naogopa," alisema, na hakupaza sauti, lakini Bayoumi alimsoma midomoni.

Insaf hakumwuliza zaidi. Angemwuliza, angesema nini maskini? Alianza kubandua plasta mkononi mwake, kona kwa kona, kama anavyowabandulia wagonjwa wenye nywele nyingi ili isiwaume. Bayoumi angeweza kuuvuta mkono. Aliuacha mikononi mwa mkewe, akageuza uso ukutani, na mrija ukatoka.

Daktari alisema Insaf hana haja ya kwenda mwenyewe kumfuata Metwalli, watapiga simu. Simu ya Naasa ilikuwa inatumika. Wakapiga tena, inatumika. Insaf alijua anazungumza na nani.

Alishuka ngazi na sandali zake za wodini, hizo za plastiki zinazolia kila hatua. Alipita katikati ya soko la nguo, akiyagonga marobota ya mashuka kwa mabega, watu wakimwita, "Taratibu, hajati, mashuka hayajaisha!" Kila hatua aliona gari dogo la Samannud likijaa na kuondoka, na kila hatua, Mungu amsamehe, pembe moja ya moyo wake ilitamani liwe limeshaondoka. Asiwakute. Arudi aseme nilijaribu. Bayoumi bado yuko kitandani, dawa bado iko kwenye trei.

Aliwakuta. Metwalli alikuwa amesimama mbele ya duka la maji ya miwa na bilauri imejaa mkononi, hainywi. Naasa alikuwa amejiinamia ukutani, simu sikioni. "Hapana, mama Sharif, si kwamba tumebadili nia," alikuwa akimwambia mama wa bwana harusi. "Ni mambo ya Mungu. Tuseme mpaka baada ya Idi, tuone..."

"Kata simu," alisema Insaf, akihema. "Dada, kata kwanza. Rudini. Kipimo kimeharibika. Tupime tena."

Naasa aliishusha simu. Aliangalia sandali, halafu uso. "Kimeharibika vipi?"

"Mimi ndiye niliyekiharibu. Sikuweka mashine sawa. Inawezekana mzee ana ugonjwa, inawezekana hana. Siwezi kukuahidi kitu."

"Nusu saa nzima nimekuwa mjane!" Naasa alimshika ukosi wa koti jeupe. Hakumpiga, ila Insaf alisubiri kupigwa na angekubali. "Nimeshaanza kuvunja harusi ya mwanangu! Unatuchezea?"

"Mwache, mama Shaima," alisema Metwalli. Akaiweka bilauri mezani kwa uangalifu, imejaa vile vile. "Huenda wamesahau kunitoa ile hewa."

Walirudi. Bayoumi alikuwa ameshahamia kwenye benchi la korido, shati wazi, na watu tisa walimtazama Insaf akipita kama wanavyotazamwa waliotajwa gazetini. Mama mmoja aliyekuwa akimletea mayai kila mwezi aligeuza macho. Insaf aliona. Ilimuuma, akapita.

Aliligeuzageuza bomba la dawa mpaka maji yakawa meupe tena. Alimchoma Metwalli kwenye mkono ule ule. Kisha akaenda mpaka kwenye skrini, akaweka ncha ya kidole juu ya kioo chini ya namba, na akaisoma huku kidole kikiwa pale.

"Sifuri nukta sifuri sita."

Daktari Ramzi akageuza shingo. Aliangalia namba mwenyewe, akaangalia kidole, kisha akasema, "Bismillahi." Insaf aliona vile alivyogeuka. Alijua kuanzia leo atageuka daima.

Dawa ikaingia. Giza, kisha nukta za mwanga. Uvimbe ulianza kuwaka pembezoni tu, kama duara la nuru lililokatikakatika, katikati pakiwa peusi. Daktari akakinyanyua kichwa cha mashine. Akahesabu. Akakirudisha kwa pumzi mbili, akakinyanyua tena. Naasa alikuwa amekaza mkoba mpaka vidole vimekuwa vyeupe. Na Insaf hakujua aombe nini. Ukizimika, mtu huyu ana saratani na mimi nimemnyang'anya mume wangu bure. Ukiwaka, nashukuru, na Bayoumi abaki na giza lake. Aliomba uwake. Aliomba hivyo kwa nguvu zote, kwa hasira kidogo.

Dakika moja. Mwanga ulikuwa umesogea ndani. Dakika mbili, ulikuwa umefika katikati. Dakika tatu. Daktari akagusisha tena: ini zima lilikuwa linang'aa, na uvimbe ulikuwa unang'aa ndani yake, sawasawa, pengine zaidi kidogo. Dakika nne. Tano.

"Haujazimika," alisema daktari. Akameza mate. "Mzee Metwalli, hili ni fundo la mishipa ya damu, si saratani. Huenda umezaliwa nalo. Nililokwambia asubuhi lilikuwa kosa, na nakuomba radhi."

"Lilikuwa kosa langu," alisema Insaf.

"Lilikuwa letu," alisema daktari, bila upole wowote.

Naasa alisimama. Mkoba ukaanguka, sabuni na vitana vikatawanyika sakafuni, na kabla hajaokota chochote alipiga vigelegele, virefu, vya harusini, ambavyo wanawake wa vijiji vile huvitoa kooni kama walivihifadhi kwa mwaka mzima. Alimbusu Insaf shavu moja, kisha akakumbuka, akamsukuma kidogo, kisha akambusu la pili. Metwalli alikuwa anajifuta jeli kwa kanzu na machozi yanamtoka bila sauti.

Kichupa kilikuwa kitupu. Insaf alikitia kwenye sanduku la sindano zilizotumika, akanawa mikono, akanawa tena. Halafu akatoka.

Korido ilikuwa imepungua watu. Bayoumi alikuwa peke yake mwishoni mwa benchi, viatu vyake vimetulia sasa, vimepangwa pamoja.

"Nimesikia," alisema.

"Umesikia nini?" alisema Insaf, akikaa.

"Vigelegele. Hata mimi." Akatabasamu upande mmoja wa mdomo. "Basi tutaenda harusini."

"Tutaenda."

"Siku kumi na tisa?"

"Kumi na tisa."

Aliitikia kwa kichwa kama mtu aliyepewa zamu ya usiku. Shati lake lilikuwa bado wazi, na fulana ya ndani imepandishwa, na kwenye ngozi kulikuwa na jeli iliyokauka. Insaf aliishusha fulana. Akaanza kufunga vifungo kutoka chini. Cha kwanza. Cha pili. Cha tatu. Alipofika cha nne, vidole vyake vilikuwa juu ya mahali penyewe, upande wa kulia, chini ya mbavu, na vikasimama. Akakilaza kiganja. Kulikuwa na joto, na pumzi ikipanda na kushuka, na hapakuwa na kitu kingine chochote cha kusikia. Midomo ya Insaf ilikuwa inasogea.

"Unasoma nini?" aliuliza Bayoumi.

Ndani ya chumba feni ilianza kupunguza mwendo, ikazunguka mara mbili tatu kwa uvivu, ikasimama. Taa ya korido ikazimika. Mashine ikatoa mlio wake mfupi na kunyamaza. Daktari aliita jina lake mara moja. Insaf alisema nakuja, na kiganja chake kilikuwa bado pale, na kifungo cha nne bado hakijafungwa.